Msikilizaji wa Besi

Mgeni aliingia chumbani kwangu kinyumenyume, amekumbatia kitu kikubwa kilichovikwa shuka la maua, na kwa muda niliamini kabisa kwamba ananiletea mgonjwa.

"Shika huku chini," alisema bila kugeuka. "Polepole. Shingo yake imepinda."

Nikashika. Mimi ni mtu wa kushika kwanza na kuuliza baadaye. Shangazi anasema ndiyo maana tangu nihitimu nimepata shukrani nyingi na kazi hakuna. Tulikilaza kile kitu kitandani, juu ya nguo zangu zilizotoka kupigwa pasi. Yule mgeni akapumua, akafuta kipara kwa kiganja, ndipo akanitazama. Alikuwa mtu wa makamo, mfupi, mwenye kifua kama pipa na mashavu yaliyolegea kama mifuko iliyotolewa vitu.

"Na wewe ni nani?" akauliza.

"Mimi naishi hapa."

"Hapa wapi?"

"Humu. Hicho ni kitanda changu."

Akatazama kitanda, rafu ya vitabu, meza yenye daftari. "Mama mwenye nyumba kaniambia mlango wa pili."

"Wa pili kutoka wapi?"

"Hilo hakusema."

Shangazi akatokea mlangoni, futi ya kupimia shingoni, pini mbili mdomoni. Yeye ni fundi cherehani, na habari zote kubwa za nyumba hii huzitoa akiwa na pini mdomoni, ili usimwelewe vizuri na usipate nafasi ya kupinga. Alizungumza kitambo. Alipotoa pini nikaambulia kwamba ile stoo iliyopakana na chumba changu amempangisha huyu fundi bomba, kuanzia leo.

"Nilitaka kukwambia jana, mwanangu, lakini nilikukuta umekaa unatazama ukuta. Nikasema nisikukatize."

"Nilikuwa naandika, shangazi."

"Ndiyo. Nikasema nisikukatize."

Fundi akafunua shuka. Chini yake hapakuwa na mgonjwa. Palikuwa na tarumbeta kubwa kuliko yote niliyopata kuona, la shaba, mdomo wake mpana kama beseni la kufulia, na mabomba yamejikunja tumboni kama utumbo.

"Besi," akasema, kwa sauti ya mtu anayemtambulisha mke wake. "Naipiga kwenye bendi ya matarumbeta siku za Jumamosi. Siku nyingine nafunga koki za watu. Mazoezi ni kila siku, saa kumi mpaka saa kumi na mbili. Kama itakukera, sema sasa."

"Kutwa mabomba ya watu," shangazi alisema, "jioni anapuliza la kwake."

Mtu mwingine angekereka. Mimi machozi yalinilenga.

Chuoni tulikuwa na mhadhiri aliyetufundisha uandishi wa kubuni, na siku ya kwanza aliingia darasani na redio badala ya vitabu. Alisema sentensi haizaliwi kavu. Kila sentensi nzuri hupita kwanza sikioni mwa mwandishi ikiwa wimbo. Wenzangu walicheka. Mimi niliandika maneno yale nikayapigia mstari mara mbili. Tangu hapo sikuwahi kuandika bila muziki. Nilikuwa na nyimbo za mvua, nyimbo za ugomvi, na wimbo mmoja wa pekee kwa ajili ya watu wanaoagana kituoni. Zote zilikaa kwenye simu, na wiki tatu kabla ya mgeni huyu kufika, simu ilichomoka mfukoni nikideki ikazama kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Shangazi alinipa yake ya zamani ya vitufe, inayojua kupiga na kupokea, basi. Chumba kikawa kimya kama chumba cha mtihani. Kwa wiki tatu sikuandika hata aya moja.

Na nilitakiwa kuandika. Kampuni moja ya vitabu vya watoto ilikuwa ikitafuta mwandishi wa kuajiri, na mhariri wake alikuwa amenipa jaribio: hadithi moja ya kufurahisha, kurasa kumi na sita, kwa watoto wa miaka saba. Ikimridhisha, nina meza na kiti na kazi. Meza hiyo niliiota. Niliamini, na bado naamini, kwamba mtoto akicheka na kitabu akiwa na miaka saba hatakuja kukiogopa kitabu tena maishani, na nilitaka niwe mmoja wa wanaomchekesha.

Kwa hiyo fundi aliposema saa kumi, nilikaa mezani saa tisa na nusu, nimechonga penseli tatu.

Saa kumi kamili ukuta ulitetemeka.

Bum.

Kimya kirefu.

Bum. Bum-bum.

Kimya tena, kama mtu anayetafakari alichokisema.

Nikafumba macho, nikasubiri muziki uniingie. Ukaingia. Hadithi yangu ilikuwa ya kuku aliyetaka kofia, wazo jepesi lisilo na madhara kwa mtu yeyote. Niliuachia mkono ufuate mapigo, neno kwa pigo, kama mhadhiri alivyotufundisha. Nikaandika: *Kuku alitaka kofia. Hakuipata.* Bum. *Mvua ilinyesha. Kuku alikohoa.* Bum-bum. *Majirani walijua. Hawakusema.*

Ilipofika saa kumi na moja kuku alikuwa amekufa.

Sikupanga afe, nasema kweli. Lakini mapigo yale yalikuwa yakielekea makaburini, na mwandishi mwaminifu haushiki muziki mkono akauvuta pengine. Nikaendelea mpaka saa kumi na mbili. Sikuwa nimewahi kuandika kwa mfululizo namna ile. Jioni nikamsomea shangazi yote.

Alisikiliza mguu ukiwa kwenye pedali ya cherehani, haikanyagi. "Nzuri," akasema mwishowe. "Ni ya wazee gani?"

Mhariri alikuwa mama mwenye miwani mbili, moja machoni na moja kichwani, na ofisi yake ilijaa vitabu vyembamba vyenye wanyama wanaotabasamu. Alisoma kurasa zangu nimekaa mbele yake. Akabadilisha miwani, akarudia ukurasa mmoja.

"Kuku amekufa."

"Ndiyo, mama."

"Ukurasa wa pili."

"Ndiyo."

"Kitabu kina kurasa kumi na sita. Hizo kumi na nne ni za nini?"

"Mazishi," nikasema. "Na kumbukumbu za majirani."

Akaziweka kurasa mezani taratibu, kama mtu anayeweka yai. "Mwanangu, umefiwa karibuni?"

"Hapana, mama."

"Una njaa?"

"Kidogo."

Akavuta mtoto wa meza, akanipa biskuti. Akaniacha nile mpaka niimalize. Kisha akasema ninajua kuandika, hilo halina ubishi, alifika mahali jicho likamwasha. Ila watoto wa miaka saba hawanunuliwi kitabu ili walie. "Niletee kuku aliye hai," akasema.

Nilirudi nyumbani na ari mpya. Saa kumi ikapiga, fundi akaanza, na mimi nikamshika kuku wangu kwa mikono miwili, sikumwachia. Safari hii atapona, niliapa. Na kweli akapona. Lakini mapigo yalimtaka mtu, na ukiyanyima huyu yanamchukua yule. Baada ya siku nne nilipeleka kurasa mpya. Mhariri akanipigia simu asubuhi iliyofuata.

"Kuku yuko hai, nakushukuru," alisema. "Lakini jogoo amekufa, fundi wa kofia amekufa, na bata amehama bila kuaga. Na kofia yenyewe ni nyeusi."

"Niliona inampendeza."

"Sikiliza, mwanangu. Kuna kijana mwingine kwenye nafasi hii. Ameandika kuhusu mbuzi. Mbuzi wake yuko hai mpaka jalada la nyuma." "Nakupa nafasi ya mwisho. Jumatatu ijayo naleta watoto kumi ofisini. Mtawasomea, wewe na huyo wa mbuzi, mmoja baada ya mwingine. Wakicheka, nafasi ni yako. Wasipocheka, mimi sina la kufanya."

Nikakata shauri kubadilisha muziki. Alasiri hiyo nilihamia chumba cha kushonea cha shangazi, nikakaa chini katikati ya vipande vya vitambaa, nikaandika kwa mlio wa cherehani. Kuku alinitoka mbio. Alitaka kofia, akainunua, akaivaa, ikapeperuka, akaifukuza, akaipata, akaolewa nayo kichwani, yote hayo katika mistari tisa isiyo na nukta hata moja. Shangazi akasoma, mate yakampalia.

"Huyu naye kanywa nini?"

"Ni mlio wako, shangazi."

"Mlio wangu ni wa kushona pindo la pazia, mita sita zimenyooka. Ukitaka utulivu nisubiri nikitoboa vitundu vya vifungo."

Nikaona hakuna njia ila kwenda kwa mwenye muziki. Siku iliyofuata, Jumanne, ilipogonga kumi na mbili nikabisha hodi stoo. Fundi alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, besi mapajani. Spana zake zilining'inia ukutani kwa ukubwa, kuanzia ya kidole hadi ya mkono mzima.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, msomi. Nimekukera?"

"Hata kidogo. Nina ombi tu. Kesho unipigie kitu cha furaha."

"Kama kipi?"

"Chochote. Mradi usiwe huu wa maziko unaoufanyia mazoezi."

Akakunja uso. "Wa maziko upi?"

"Huu wa kila siku. Bum, halafu kimya, halafu bum, bum-bum."

Akaitua besi sakafuni kwa uangalifu. "Msomi," akasema, "huo ni wimbo wa bibi harusi kuingia ukumbini."

Nilicheka. Nilidhani anatania, lakini kicheko changu kiligonga spana zote za ukutani kikarudi peke yake.

"Watu wakiusikia huo wanapanda juu ya viti," alisema polepole. "Nimeona kwa macho yangu mama mkwe akirusha pochi."

"Samahani, mzee. Ni kwamba mimi nikiusikia... nimeua kuku, jogoo na fundi wa kofia."

Ikabidi nimweleze kila kitu: mhariri, mbuzi, meza niliyoiota. Alisikiliza akisugua valvu ya besi kwa kidole gumba.

"Umewahi kuona msingi wa nyumba kabla ukuta haujapanda?" akauliza. "Pale wamechimba tu, wameacha. Unafanana na nini?"

Nikafikiri. "Kaburi."

"Ehe. Sasa wewe siku zote hizi umekaa ndani ya shimo unalia, na wenzako wanasubiri uondoke wajenge." Hakuwa amekasirika. Nadhani ningefurahi zaidi kama angekasirika. "Lakini nisikulaumu. Miaka ishirini na sita napiga besi, na ukumbini watu humtazama bibi harusi. Wakichoka naye, humtazama yule wa tarumbeta dogo, kwa sababu anarukaruka. Sisi wa besi tunawekwa nyuma, karibu na mlango wa choo. Mara mbili nimeombwa nisogee watu wapite. Hata marehemu mke wangu, nikirudi nyumbani ananiuliza, ile sehemu tamu ni wewe? Nasema hapana, mama, ile ni ya mwingine."

Mimi nina moyo mwepesi. Nimeonywa mara nyingi. Kabla hajamaliza mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka.

"Jumamosi nitakuja kukusikiliza wewe."

Akanitazama kwa jicho moja. "Mimi?"

"Wewe. Besi."

"Wimbo wote? Tangu bibi harusi yuko mlangoni mpaka akae?"

"Wote."

"Saa tisa kamili, ukumbi ule nyuma ya soko." Akafikiri tena. "Na uje bila daftari."

"Bila daftari?"

"Naisikia penseli yako kupitia ukutani, msomi. Nikipiga inakwaruza, nikinyamaza inanyamaza. Wewe hujanisikiliza hata siku moja. Mtu anayeandika anachota, hasikilizi. Jumamosi usichote. Njoo na masikio yako mawili, mikono uiache ipumzike."

"Naahidi," nikasema.

Siku mbili nilikaa na daftari tupu lakini kwa amani. Nilijipangia: Jumamosi nasikia wimbo mzima, Jumapili naandika, Jumatatu nasoma. Sikujua kama wimbo mzima ungekuwa na furaha yoyote. Nilijua tu kwamba kama ipo, ipo huko.

Alhamisi simu ya vitufe ikalia.

"Tumebadilisha siku," mhariri alisema. "Jumatatu watoto wana chanjo. Wakitoka kudungwa hawacheki hata ukiwaletea kuku wa sarakasi. Tunafanya Jumamosi."

"Jumamosi saa ngapi, mama?"

"Saa tisa kamili. Huyo wa mbuzi ameshakubali."

Nilikaa na simu sikioni muda mrefu baada ya kukatika. Kisha nikafanya kile ambacho kila mtu mwenye akili angefanya: nikaenda stoo kuomba radhi. Niliyatunga maneno njiani, ingawa njia yenyewe ni hatua nne. Mzee ataelewa. Ni mtu mzima, amezoea kukaa karibu na choo.

Mlango ulikuwa wazi. Fundi alikuwa ameisugua besi mpaka nikajiona humo, uso mpana kama sahani. Shati jeupe limening'inizwa kwenye spana kubwa kuliko zote. Na katikati ya chumba palikuwa na kiti cha kukunja, kimefungwa karatasi mgongoni kwa utepe ule mweupe ambao mafundi bomba huzungushia nyuzi za koki. Karatasi iliandikwa kwa herufi kubwa, kila herufi imepitiwa mara mbili: MSIKILIZAJI WA BESI.

"Nimezungumza na kiongozi wa bendi," alisema. "Tangu tuanze hatujawahi kuwa na mgeni wetu wenyewe. Wageni wote huwa wa bibi harusi. Wenzangu wana wivu. Yule wa tarumbeta dogo kaniuliza mara tatu kama ni ndugu yangu." Akanyoosha karatasi iliyokuwa imenyooka. "Ulitaka kusema kitu?"

Nikatazama kiti.

"Nilitaka kuuliza nivae shati la rangi gani."

Shangazi alikuwa amesikia yote. Nyumba yetu haina ukuta unaojua kutunza siri. Nilipoingia kwake hakuinua macho. "Nimekushonea la bluu," akasema. "Kitambaa kilibaki kwenye mapazia ya benki. Limekaa vizuri, ila usisimame mbele ya dirisha."

"Shangazi, nikienda harusini nakosa kazi."

"Najua."

"Niende kwa mhariri?"

Akakata uzi kwa meno. "Ukienda kwa mhariri, unaweza kukaa kwenye meza hiyo ukaandika mambo mazuri mno. Utaandika hata kuhusu watu wanaotimiza ahadi." Akanirushia shati. "Kuku wako kafa, kafufuka. Hata mara ya pili haitamshinda. Yule mzee kiti chake kikikaa kitupu, hakifufuki."

Nikampigia mhariri Ijumaa asubuhi. Nilimwambia ukweli, kwa sababu uongo sikuwa nao.

"Huji," alirudia. "Kwa ajili ya nini?"

"Naenda kumsikiliza mpiga besi, mama."

"Ni ndugu yako?"

"Ni mpangaji wa shangazi."

Nilisikia miwani ikibadilishwa. "Unaelewa kwamba sitawaita watoto hawa mara ya pili kwa ajili ya mtu mmoja."

"Naelewa."

"Basi mbuzi atasomwa peke yake," akasema, na kabla hajakata akaongeza, kwa sauti ya chini kidogo, "Kula kitu, mwanangu."

Ukumbi ulikuwa umejaa maua ya karatasi na joto la watu. Kiti changu kilikuwa hasa pale fundi alipopataja, karibu na mlango wa choo, kimeelekezwa kwenye mdomo wa besi kwa umbali wa mkono. Kila aliyepita kwenda chooni alisoma karatasi ya mgongoni mwangu, akanitazama, akampa fundi heshima ambayo naamini hakuwa ameizoea. Bibi mmoja aliniuliza hiyo kazi naifanya kwa muda gani kwa siku.

Sikuwa na daftari. Lakini nilipoketi nilihisi kitu kikinichoma kifuani. Shangazi hajawahi kushona shati lenye mfuko akaukabidhi mtupu. Anasema mfuko mtupu unatazamia mabaya. Alikuwa ameniwekea kalamu.

Saa tisa kamili milango ya mbele ikafunguliwa. Fundi akajaza mashavu. Kumbe yale mashavu yaliyolegea yalikuwa yakisubiri kazi hii. Yalijaa yakawa mazuri.

Bum.

Niliyajua mapigo yale kuliko mapigo ya moyo wangu. Kimya kile kirefu kikafuata, kile kilichokuwa kimemuua kuku wangu, na kwa mazoea nikajiandaa kwa msiba. Lakini kimya hakikuwa kimya. Ndani yake tarumbeta dogo likaingia mbio, likaruka, na lilipokuwa likianguka, bum, besi ikalipokea. Likaruka tena juu zaidi, kama mtoto aliyegundua kuna mtu wa kumdaka. Ngoma zikaingia kwenye kimya cha pili. Kila shimo nililokuwa nimekaa ndani yake nikilia lilikuwa mlango, na sasa watu walipita humo wakicheza. Mbele yangu mama mmoja mwenye umri wa kuheshimika akavua viatu, akapanda juu ya kiti.

Nilianza kucheka. Sikuweza kujizuia. Nilicheka peke yangu karibu na mlango wa choo, na fundi, mdomo ukiwa kazini, akainua nyusi zote mbili kuniuliza: umesikia sasa? Nikamjibu kwa kichwa.

Ndipo kuku akaja.

Alikuja akiwa hai, mzima wa afya, anatembea kwa maringo ya besi, kila bum hatua moja, na kofia yake ikirukaruka juu kwa tarumbeta dogo. Alikuwa na haraka na hana haraka. Na pamoja naye ikaja sentensi ya kwanza, nzima, imevaa na kuchana nywele, ya aina ile ambayo mwandishi huipata mara moja kwa mwaka. Nilijua papo hapo kwamba watoto kumi wangeanguka kwenye viti. Nyuma yake niliona ya pili ikija, na ya tatu.

Mkono wangu ulikuwa kwenye kalamu. Sikuupeleka mimi. Karatasi pia ilikuwapo, nyuma ya mgongo wangu, upande mmoja mtupu kabisa; ningeichomoa bila hata kugeuka. Fundi alikuwa amefumba macho kwenye noti ndefu, asingeona. Na penseli yangu anayoisikia kupitia ukutani hapa isingesikika, hapa palikuwa na bendi nzima. Nikaitazama saa ya ukutani: saa tisa na dakika kumi. Mahali fulani mbuzi alikuwa amefika ukurasa wa tano, mzima.

Nikaitoa kalamu mfukoni, nikaiweka juu ya kiti, nikaikalia.

Inauma, kalamu, kwenye wimbo mrefu. Sentensi ya kwanza ikazunguka kichwani mara mbili tatu, ikaona haihitajiki, ikaondoka na zile nyingine. Siwezi kukuandikia hapa ilikuwaje, kwa sababu sikuiandika. Bibi harusi alikuwa bado hajafika nusu ya ukumbi. Mikono nikaiweka magotini, viganja juu, vitupu, mahali ambapo mzee akifumbua macho angeviona, na nikasikiliza mpaka bibi harusi alipokaa.